Ngozi ya Chuma

Maji yalikatika Jumanne saa nne asubuhi, Sista Christine akiwa na mama mezani akijifungua. Bomba la zahanati lilikohoa mara mbili, likatema tope, likanyamaza. Alimalizia kazi kwa ndoo moja ya maji iliyokuwa chini ya sinki, akamfunga mtoto kwenye leso, kisha akatoka uani na kumpigia simu Jerusha Amuge, katibu wa mradi wa maji wa Tuinuane.

Jerusha alikuwa kwenye banda lake la ususi kando ya barabara ya Malaba, pale malori yanapojipanga kungoja kuvuka kwenda Uganda. Mteja wake alikuwa amesukwa nusu kichwa.

"Mama Vivianne, maji imeenda," Christine alisema. "Na si stima. Stima iko. Kijana wa pampu anasema imelia ndani kama mtu ametupa mawe kwa sufuria."

Jerusha alikishikilia kichwa cha mteja kwa mkono mmoja kama aliyesahau kilikuwa cha nani. Siku saba tu zilikuwa zimepita tangu mumewe, Barnabas Okurut, aifunge impela mpya ndani ya pampu ile, na kamati yote ikapiga makofi. Na aliyeishawishi kamati imwamini Barnabas alikuwa yeye.

"Nakuja," alisema. Akamwomba mteja radhi, akamfunga kitambaa kichwani, akashika njia ya mtoni.

Alipofika, pampu ilikuwa imeshafunguliwa. Impela, lile gurudumu la mapanga sita linalosukuma maji, ilikuwa imelazwa juu ya gunia. Mapanga yalikuwa matano. Kipande cha la sita kilikuwa kando yake, kirefu kama kidole. Watu kama ishirini walikuwa wamesimama na mitungi mitupu. Barnabas alikuwa amechuchumaa, akijifuta mikono ambayo haikuwa na grisi.

Mwenyekiti, Mwalimu Opolot, alikuwa mstaafu wa shule ya msingi na hakuwahi kuacha kuongea kama aliyesimama mbele ya ubao.

"Mama katibu, hebu tukumbushane. Ulituambia nini kuhusu chuma hiki?"

"Nilisema mchanga hautaikula haraka, Mwalimu."

"Na haukuila. Imevunjika yenyewe. Ile ya kwanza, ambayo haikuguswa na fundi yeyote, ilikaa miezi mitatu. Hii imekaa siku saba."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Jerusha hakugeuka kumtazama.

"Kasti yenyewe, hiki chuma cha kusubu, ilikuwa mbaya," Barnabas alisema, macho yakiwa chini. "Siku hizi wanasubu takataka."

Shida ya Tuinuane ilikuwa mchanga. Tangu malori ya tipa yaanze kuchota mchanga upande wa juu wa mto, maji yalikuwa yakiingia kwenye pampu yakiwa yamebeba changarawe laini, nayo ilikwangua mapanga ya chuma cha kusubu mpaka yakawa membamba kama kaki. Impela ya pili ilikuwa imeliwa kwa wiki tano tu. Ndipo Barnabas akasema anajua dawa. Alipokuwa kibarua kwenye kiwanda kimoja cha sukari, fundi mzee alimfundisha kuyeyusha uso wa chuma kwa moto wa agoni, ule wa umeme unaopulizwa gesi, bila kuongeza chuma kingine, uyeyuke unene wa shilingi tu na kupoa upesi. Ngozi hiyo ikipoa inakuwa nyeupe na ngumu kama kioo, huku ndani chuma kikibaki laini na kijivu kama kilivyozaliwa. Mchanga unapiga ngozi na kuteleza.

Kamati ilikuwa imenunua impela mbili kwa mpigo. Moja ndiyo hiyo juu ya gunia. Nyingine ilikuwa ofisini, ndani ya boksi lake.

"Tufunge hiyo iliyobaki hivi ilivyo," Opolot alisema. "Maji yarudi leo jioni."

Watu wakaitikia kwa sauti. Jerusha alifanya hesabu ya majuma kichwani. Ilikuwa mwanzo wa Februari, mto uko chini, maji ni uji wa mchanga. Impela tupu isingefika mwisho wa Machi. Baada ya hapo kamati haikuwa na uwezo wa kuagiza nyingine mpaka watu wavune.

"Mwalimu, tukiifunga hivyo tutakuwa hapa tena kabla mvua haijaanza," alisema. "Na siku hiyo hatutakuwa na chochote kwa boksi. Tupeni mpaka Jumamosi. Barnabas aiweke ngozi vizuri."

"Siku nne bila maji? Kwa neno lako?"

"Kwa neno langu."

Kelele zilipanda. Opolot aliinua mkono, akangoja darasa linyamaze. "Jumamosi saa tatu. Na ikivunjika tena, mama, usingoje tukuondoe kwenye kamati. Uje na barua yako mkononi."

Barnabas aliendelea kujifuta mikono. Jerusha alidhani ni aibu.

*

Nyumbani, karakana ilikuwa banda la mabati nyuma ya jikoni. Jerusha alikibeba kile kipande kilichovunjika hadi penye jua, akakigeuza. Miaka kumi na tisa ya kumshikia mumewe vyuma ilikuwa imemfundisha kusoma mvunjiko. Kwenye kipande kizima angetegemea kuona utepe mwembamba mweupe nje na kijivu katikati. Alichokiona kilikuwa cheupe kutoka upande hadi upande. Moto ulikuwa umekaa mahali pamoja mpaka panga lote likageuka kioo, na kioo hakivumilii pigo.

Akautazama uso wa panga. Mistari ya kuyeyusha, ambayo ilipaswa kulaliana kama vigae vya paa, ilikuwa imetangatanga. Mahali fulani miwili ilikuwa imepandana, kisha palikuwa na pengo la upana wa kidole cha mwisho, chuma kikiwa uchi, na tayari mchanga ulikuwa umeanza kuchimba.

Fundi mlevi ndiye angefanya hivyo. Barnabas hakuwa anakunywa.

Aliingia bandani. Mumewe alikuwa ameketi kwenye kiti cha lori lililokufa, akipapasa mezani kutafuta kitu. Kiberiti kilikuwa mbele yake, karibu na kiwiko.

"Baba Vivianne, angalia hii. Mistari unaionaje?" Akamnyooshea kipande, lakini alikigeuza kwanza, upande wa mgongo ambao haukuguswa na moto hata kidogo.

Barnabas alikichukua, akakisogeza karibu na uso, akakirudisha mbali. "Mistari iko sawa," alisema. "Nilikuambia. Ni kasti."

Jerusha akakaa juu ya mtungi wa gesi.

"Huko hakuna mistari," alisema. "Hapo ni mgongo."

Nje lori lilipiga honi ndefu. Barnabas alikiweka kipande mezani polepole sana, kama kitu kinachoweza kumwagika.

"Tangu lini?" mkewe aliuliza.

"Jicho la kulia tangu mwaka juzi. Kama mtu amepaka maziwa kwa kioo. La kushoto, tangu Krismasi, katikati kuna shimo. Nikiangalia kitu, kile naangalia ndicho sioni. Naona kando yake."

"Na ulichukua impela ya watu."

"Wewe ndio ulinitaja kwa kamati!" Sauti yake ilipasuka. "Ningesema nini? Mbele ya Opolot niseme fundi ni kipofu? Hao madereva wakisikia, nani ataniletea hata kikombe cha chai nichomelee?"

"Ungeniambia mimi."

"Wewe ningekuambia wa kwanza kabisa, na nikikuambia wewe inakuwa kweli. Ndiyo maana nilishindwa."

Jerusha alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huruma. Alikuwa ameomba siku nne kwa watu wote wale, zahanati ikiwemo, kwa ajili ya mkono usio na jicho. Angeweza kwenda kwa Opolot jioni ile na kusema amekosea. Alijiona akifika kwenye lango lake, akibisha. Alijiona pia mwezi wa tatu, impela ya mwisho imeliwa, boksi tupu.

"Nifundishe," alisema.

"Nini?"

"Agoni. Nitashika mimi."

Barnabas alitikisa kichwa. "Hii si kusuka nywele, Mama Vivianne."

"Najua si nywele. Lakini mstari ulionyooka naujua, na kupanga mmoja kando ya mwingine bila kuacha kichwa wazi naujua. Hizo zingine, wewe uko hapa."

*

Gesi iliyobaki kwenye mtungi ilikuwa kama robo. Hiyo ndiyo ilipaswa kutosha kujifunza na kufanya kazi yenyewe.

Malaba haikosi ngoma za breki zilizochakaa, na ngoma hizo ni chuma kilekile cha kusubu. Jumatano asubuhi Barnabas alibeba mbili kutoka kwenye rundo la nyuma, akaziosha kwa petroli, akamvika mkewe kofia ya kuchomelea na glavu zilizomzidi. Alimwonyesha namna ya kuishika tochi ya kuchomelea kwa kuikunja mikono yake juu ya ile ya mkewe.

Mstari wa kwanza ulitokota na kutema mapovu. "Mafuta," Barnabas alisema. "Kasti inanywa mafuta kama sponji. Ichome kwanza yatoke." Mstari wa pili ulizama. Wa tatu ulikatika. Ncha ya tochi iligusa chuma ikanata, na Jerusha akapiga kelele.

"Pumzika."

"Gesi inapumzika?"

Walichogundua mchana ule kiliwashangaza wote wawili. Barnabas hakuuona moto, ila aliusikia. Tochi ikiwa juu mno, moto ulipuliza kama bomba la baiskeli. Ikiwa chini mno ulinguruma. Ikiwa mahali pake, ulichemka kwa utulivu kama mandazi yakiiva kwenye karai. "Shuka kidogo," alikuwa akisema, uso ameuelekeza ukutani. "Hapo. Sasa tembea. Tembea, usikae, ukikaa unaunguza mpaka ndani. Tembea."

Kila mstari ulipopoa alichukua tupa na kuipitisha juu yake. Tupa ikiuma na kung'oa unga, alitikisa kichwa. Jumatano jioni, kwenye mstari wa thelathini na kitu, tupa iliteleza ikalia kama kucha juu ya sahani. Akarudia mara tatu.

"Haiumi," alisema kwa sauti ndogo. "Mama Vivianne, haiumi."

Alhamisi alfajiri Jerusha alikwenda mtoni na wanawake wengine. Macho yalikuwa yakimwasha kama yametiwa pilipili, kwa sababu mara mbili alikuwa amefunua kofia mapema. Foleni ilianzia kwenye jiwe ambapo maji yalikuwa safi kidogo, na alipofika mwisho wake mwanamke mmoja alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mpisheni katibu apite mbele. Yeye maji yake inapikwa na bwana yake."

Wakacheka. Mwingine, mama mzee aliyekuwa na mtungi mgongoni, hakucheka. "Mjukuu wangu tumbo linamwendesha tangu jana," alisema. "Ni haya maji. Jumamosi ni kweli ama ni maneno?"

Jerusha alitaka kusema ni kweli. "Tunafanya kazi, mama," alijibu, na akaona katika macho ya yule mzee kwamba jibu hilo halikumtosha mtu mwenye mtoto mgonjwa.

Alipitia zahanati na kumwachia Christine mtungi mmoja kati ya miwili yake. Christine aliupokea bila asante, akaangalia macho yake mekundu.

"Umelia?"

"Ni moshi."

"Moshi gani unachoma mboni hivi? Hayo ni macho ya welda, mama. Nayaona kila wiki." Christine akamwangalia tena, akaelewa kitu, au nusu ya kitu. Alimpa matone ya macho na kusema, "Jumamosi nina wawili wanaongoja kujifungua. Nakuambia tu ujue."

*

Ijumaa saa nne walianza kazi yenyewe. Sindano ya mtungi ilikuwa karibu na sifuri.

Barnabas aliizika impela kwenye jiko la makaa mpaka ikashika joto, akaijaribu kwa kijiti cha kiberiti. Kijiti kilipogusa chuma na kuwaka chenyewe, alisema, "Sasa." Chuma baridi kikipigwa na moto wa ghafla hupasuka. Ile iliyovunjika alikuwa ameipasha pia, lakini alikisia kwa rangi, na rangi hakuwa akiiona tena.

Jerusha alishusha kofia. Panga la kwanza lilichukua mistari kumi na mmoja. Nyuma ya kioo cheusi dunia yote ilikuwa kidimbwi kidogo cha mwanga, kikubwa kama punje ya mahindi, na kazi yake ilikuwa kukisukuma mbele bila kukiacha kinenepe. Jasho lilimwingia machoni na hakuweza kulifuta. Alisikia sauti ya mumewe tu: shuka, tembea, tembea.

Panga la pili. La tatu. Kwenye la tatu bega lilianza kutetemeka na akataka kusimama, lakini katikati ya mstari hakuna kusimama. La nne. Barnabas alirudisha impela kwenye makaa kidogo ipate joto tena, akambandikia mkewe kitambaa cha maji shingoni, wakaendelea. Mstari wa mwisho wa panga la sita ulipofika ukingoni, gesi ilikohoa na kufa.

Waliitumbukiza impela kwenye pipa la majivu makavu, wakaifunika kabisa. Ngozi ilikuwa imeshaganda upesi nyuma ya tochi; sasa impela nzima ilipaswa kulala hapo mpaka asubuhi, ipoe pole pole, ipoteze joto bila kustuka.

Wakakaa. Hakuna aliyewaambia wakae, lakini hakuna aliyeweza kuondoka. Chuma kinachopasuka kikiwa kinapoa hutoa mlio, *ting*, mdogo kama kijiko kwenye glasi, na fundi anayejua kazi huusubiri kama mgonjwa anavyosubiri kuitwa jina. Saa saba ilipita, saa nane ikapita. Jerusha alimenya viazi bila kuvitazama.

Saa tisa na robo majivu yalisema: *ting*.

Wote wawili waliganda.

"Umesikia?" Jerusha alinong'ona.

"Nimesikia."

"Nifukue?"

"Ukifukua sasa utaua hata mapanga mazima. Acha."

"Kama limekatika je?"

Barnabas aliweka mkono juu ya pipa, kama mtu anayetuliza mnyama, akauacha hapo mpaka jua likashuka nyuma ya malori. Usiku hawakulala vizuri.

*

Jumamosi saa kumi na mbili waliitoa. Mapanga yalikuwa sita. Jerusha aliyahesabu mara mbili. Aliipaka mafuta ya taa, akaipangusa ikakauka, kisha akaipaka chokaa. Palipo na ufa mafuta yangejificha ndani na kutoka tena, yakichora mstari juu ya weupe.

Kwenye panga la tano, karibu na ukingo, mstari ulijichora. Ulikuwa mwembamba kama unywele, mrefu kama ukucha.

Alimweleza mumewe mahali na urefu. Barnabas aliketi.

"Saga juu juu na grainda," alisema. "Ngozi ni milimita mbili. Kama ufa umeishia kwa ngozi, utapotea. Kisha paka chokaa tena."

Alisaga, cheche zikiruka fupi na nyekundu. Akapaka mafuta, akapaka chokaa, akangoja. Chokaa ilibaki nyeupe.

"Umepotea."

Barnabas alivuta pumzi ndefu. "Basi sasa usiseme kitu. Sugua chokaa, ifungwe, watu wapate maji. Hapo ulipong'oa ngozi pataliwa mapema, lakini panga litashika."

"Na Mwalimu akiuliza?"

"Atauliza nini? Anajua kasti?"

Jerusha alikuwa amechoka mpaka mifupa, na ushauri ule ulikuwa mtamu. Ila alimkumbuka yule mama mzee pale mtoni. "Nimeshawaambia mara moja kitu nisichokijua," alisema. "Leo nakijua."

Saa tatu, kwenye nyumba ya pampu, aliwaonyesha. Aliweka kidole chake mahali palipong'olewa ngozi, akaeleza ufa ulivyotokea, ulivyosagwa, na kwamba mchanga ungeanzia pale. Kamati iliinama juu ya impela, kichwa kwa kichwa.

"Kwa hiyo mnatuletea kitu kibovu tena," Opolot alisema.

"Ni kizima chenye jeraha moja, Mwalimu. Nimekuonyesha jeraha."

"Okurut, wewe ndiye fundi. Mbona anaongea mkeo? Wewe ulichoma, wewe sema."

Barnabas alikuwa amesimama karibu na mlango. Jerusha alimtazama na kumwomba kwa macho, akasahau kwamba hayamfikii.

"Sikuchoma mimi," Barnabas alisema. "Amechoma Mama Vivianne. Panga zote sita. Ile iliyovunjika ndiyo nilichoma mimi, na haikuwa kasti mbaya. Sioni, Mwalimu. Jicho moja limeisha na la pili linaisha. Nilificha."

Kisha mtu akasema, "Yaani msusi ndio ametuchomea pampu?" na kicheko kikaanza upande mmoja wa chumba. Opolot alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Alionekana kutafuta adhabu inayolingana na kosa na kutoipata kwenye vitabu vyake.

Sista Christine ndiye aliyepenya katikati. Alikuwa na gauni la kazi lenye doa. "Mmoja wa wale wawili ameanza uchungu," alisema. "Mimi sijui kasti. Lakini huyu amekuja akatuonyesha pahali pabaya kabla hatujauliza. Nani mwingine hapa amewahi kufanya hivyo? Fungeni hiyo kitu."

Ikafungwa. Swichi ilipowashwa pampu ililia, ikatulia, ikaanza kuvuma. Watu walisikiliza kama wanaosikiliza kifua cha mgonjwa. Baada ya dakika sita simu ya Christine ilipigwa kutoka zahanati, na hakuhitaji kuwaeleza imesema nini, maana alikuwa tayari anakimbilia bomba lake.

*

Maji yalirudi, lakini si kila kitu kilirudi. Habari ya macho ya Barnabas ilifika kwenye foleni ya malori kabla ya Jumatatu. Madereva waliokuwa wakimwita boss walianza kupita wakitazama mbele. Mmoja aliingia na bano la springi lililopasuka, akauliza fundi yuko wapi. Jerusha alivua kofia, akasema, "Ni mimi." Dereva alimwangalia, akaangalia kucha zake za rangi, akasema atarudi. Hakurudi.

Kwenye kliniki ya macho, Barnabas aliambiwa kwamba jicho la kulia lina mtoto wa jicho na linaweza kusafishwa, ila la kushoto limeungua katikati na halina dawa. Alirudi nyumbani akasema "nusu," na hilo tu. Jerusha aliendelea kusuka asubuhi, na mchana aliingia bandani kuyeyusha ngoma za breki, mstari kando ya mstari, bila mtu kumtuma.

Na kila usiku alilala akisikiliza kama bomba la jirani linatiririka. Machi ikaisha. Mvua ikaja katikati ya Aprili, mto ukapanda, na kamati ikaamua pampu ifunguliwe iangaliwe.

Waliilaza impela juu ya gunia lilelile. Opolot aliinama, mikono nyuma. Mapanga yalikuwa yameng'arishwa na mchanga yakawa kama kijiko kilichotumika miaka mingi, na unene wake ulikuwa uleule. Kwenye panga la tano tu, pale palipong'olewa ngozi, palikuwa na kishimo cha kuingiza punje ya maharagwe.

"Palepale uliposema," Opolot alisema. "Katibu, tukiagiza nyingine, utatupa siku ngapi?"

"Nne," Jerusha alisema. "Na gesi mtungi mzima."

Opolot aliandika. Wengine walikuwa wakiongea wote kwa mpigo. Barnabas alisogea, akapiga goti kando ya gunia, akaomba apewe nafasi. Alikuwa bado anangoja zamu yake ya upasuaji. Alipitisha dole gumba juu ya panga la kwanza, kutoka shinani hadi nchani, polepole, kisha la pili. Kwenye la tatu alisita.

"Hapa ulichoka," alisema.

Jerusha alichuchumaa karibu naye. "Nilichoka sana."

Dole gumba lilirudi nyuma, likapita tena mahali palepale, likatafuta.

"Lakini hukuacha pengo," alisema, akaendelea na panga la nne.